Herufi Iliyokaa Puani

Shuleni walimwita Mwalimu Tena. Watoto wa darasa la kwanza ndio waliombatiza, na hawakumwonea, kwa sababu katika miaka ishirini na miwili aliyofundisha kusoma na kuandika, hilo ndilo neno alilolitamka kuliko mengine yote. Ba, be, bi, bo, bu, tena. Futa hiyo, andika tena. Kaa sawa, shika kalamu, tena. Walimu wenzake nao walilizoea, mpaka siku moja mwalimu mkuu akajisahau akaliandika kwenye ratiba ya zamu, na hakuna aliyeona ajabu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, na kila gauni lake lilikuwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia. Hakuwa mtu wa fimbo. Ukali wake wote ulikuwa kwenye kalamu nyekundu. Kila siku alisahihisha madaftari arobaini na nane, na kosa kwake lilikuwa kosa: alilikata kwa mstari mmoja, akaandika neno sahihi pembeni, akapita. Hakuwahi kujiuliza kosa limetoka wapi. Nani anaiuliza takataka ilikotoka? Unafagia, basi.

Mumewe alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake, chenye meza ndefu iliyojaa alama za kuungua kwa chuma cha kulehemu, redio zilizofunguliwa matumbo, na feni mbili tatu zilizosubiri wenyewe kwa miezi. Mlango ulitazama barabarani na mwanga uliingia vizuri, kwa hiyo mwalimu alijikatia pembe yake kwenye meza hiyohiyo. Kila alasiri walikaa hapo, mmoja akifungua skrubu, mwingine akisahihisha, wakizungumza kidogo tu, kama watu waliokwisha kuambiana mengi.

Alasiri moja ya muhula wa kwanza alikuwa akisahihisha imla ya maneno kumi. Alipofika daftari la ishirini hivi akaanza kuguna. Goma. Buzi. Dege. Jia. Goma tena. Akamlalamikia mumewe kwamba watoto wa mwaka huu wamezidi uvivu, wanaandika neno nusu halafu wanajilalia.

Fundi hakuinua macho. Aliuliza tu ni wangapi walioandika goma. Mwalimu akarudi nyuma, akahesabu, akapata thelathini na mmoja.

"Wote wamekosea palepale?" fundi akauliza.

"Palepale."

"Basi huo si uvivu. Wavivu wasingepatana. Mmoja angeacha mwanzo, mwingine angeacha mwisho. Mimi zikiniletea redio thelathini na moja ugonjwa mmoja, sizitukani. Nazifungua."

Mwalimu alimjibu kwamba watoto hawana skrubu, akaendelea na kazi yake. Lakini neno lile lilikuwa limemwingia kama mwiba mdogo, ule usioonekana lakini ukikanyaga unauhisi. Kabla ya magharibi alikuwa amechukua daftari jipya na kuanza kunakili makosa yote kama yalivyo, bila kuyasahihisha. Alipomaliza akayatazama. Hakuna hata mtoto mmoja aliyeacha irabu. Hakuna aliyeacha mwisho wa neno. Walichoacha ni n iliyotangulia g, d au j, na m iliyotangulia b. Na watoto haohao, karibu wote, kwenye imla hiyohiyo, walikuwa wameandika nanasi na mama bila shida yoyote. Herufi walikuwa wanazijua. Sasa mtu anayeiona n kwenye nanasi, kwa nini asiione kwenye ndege?

Lilikuwa swali dogo, lakini tangu aanze kazi hakuwahi kujiuliza swali ambalo jibu lake halimo kwenye kiongozi cha mwalimu. Lilimwasha usiku mzima.

Kesho yake alifanya jambo geni. Aliwapa watoto kazi ya kuchora, kisha akawaita mezani kwake mmoja mmoja akiwauliza kwa upole kwa nini waliandika walivyoandika. Watoto si wajinga. Wengi walidhani ni mtego. Walitazama vidole vya miguu wakasema wamekosea na hawatarudia. Mmoja alijitolea kufagia darasa wiki nzima ili mambo yaishe. Mwingine alieleza kwamba n yake ilikuwa imekwisha.

Wa mwisho kuitwa alikuwa msichana wa dawati la nyuma, ambaye wenzake walimwita Pengo. Meno yalikuwa yameshaota zamani, jina likabaki. Alikuwa na umri wa miaka tisa na alikuwa akirudia darasa, hivyo aliwapita wenzake kwa kichwa kizima. Alikuwa mtoto mtaratibu, mdomo wake wazi kidogo muda wote, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Tofauti na wengine, yeye hakujitetea.

"Niliitafuta mdomoni," alisema, "sikuiona."

Mwalimu akamuuliza aliitafutaje. Pengo akasogea karibu, akaweka kidole kwenye mdomo wake, akalitamka neno polepole. "Ulimi unakaa hapa," akaonyesha nyuma ya meno. "Halafu dege. Hakuna kingine."

Darasa zima nyuma yao lilikuwa likisikiliza, likitarajia mtu agombezwe. Mwalimu alimshukuru, akamwambia arudi akakae.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa akisema ndege, ndege, ndege, mkono shavuni, na mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya mbele ya duka akamwuliza kama jino limemsumbua. Nyumbani alichukua kioo cha chumbani akaja nacho karakanani, kwenye mwanga, akafungua mdomo. Mtoto alikuwa amesema kweli. Ulimi ulipanda nyuma ya meno kwa ajili ya n na ukabaki palepale kwa ajili ya d. Midomo haikutikisika. Kama ungekuwa unaangalia tu, ungeapa kwamba hapo pana herufi moja. Akaingiza kidole. Fundi akamwona, akamwuliza amwite daktari wa meno au asimwite.

"Natafuta n," mwalimu akasema na kidole mdomoni.

Fundi akalipima jibu hilo, akaomba ajulishwe itakapopatikana, akarudi kulehemu waya wake. Moshi wa risasi ya kulehemu ukapanda, ukamfikia mwalimu usoni, naye akabana pua kama alivyozoea, huku mdomo ukiendelea na wimbo wake. Kilichotoka ni dege.

Akaachia pua: ndege. Akabana: dege. Ngoma ikawa goma. Mbuzi akawa buzi. Herufi ambayo mtoto aliitafuta mdomoni kumbe ilikuwa inapitia puani. Alipoweka kidole ubavuni mwa pua na kusema ndege, alihisi mtetemo mdogo, kama inzi aliyenaswa kwenye kiberiti. Aliposema dege, inzi hakuwepo. Mwishowe, kwa uchokozi tu, akabana pua akasema mama, ikatoka baba. Akamwita mumewe ajaribu. Fundi, mtu mzima mwenye mvi na miwani puani, akavua miwani, akabana pua, akamwita mama yake, akatoka baba. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kazi.

Asubuhi iliyofuata hakufungua kitabu. Aliwaambia watoto kwamba kuna herufi mbili zinazojificha, na maficho yake yako usoni kwao. Akawafundisha kubana pua na kusema mama. Waliposikia mama wote wamegeuka baba, darasa lilivurugika kabisa, na ilimchukua dakika nyingi kulirudisha kwenye mstari. Kisha akawafundisha kumtafuta inzi kwa kidole. Ndege ana inzi? Anaye. Dada ana inzi? Hana. Meza? Anaye, mwalimu, mwanzoni tu, halafu anaondoka. Huyu wa meza alikuwa kabinti kadogo ka mstari wa mbele, na mwalimu alibaki akimtazama, kwa sababu jambo hilo yeye mwenyewe hakuwa ameliona.

Alipita dawati kwa dawati akiwasikiliza. Alipofika nyuma, Pengo alikuwa amebana pua sawasawa, anasema baba. Mwalimu akamwambia sasa aachie. Akaachia, akasema baba.

"Tena," mwalimu akasema.

Akabana: baba. Akaachia: baba. Mwalimu akainama, akaweka kidole chake mwenyewe ubavuni mwa pua ya mtoto, akamwomba aseme mama. Hakuna kilichotetemeka. Pengo aliendelea kumtazama, na mwalimu akatambua kwamba hakuwa anamtazama machoni. Alikuwa anautazama mdomo wake.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mwalimu mkuu alisimama kizingitini akaona watoto arobaini na saba, wote isipokuwa Pengo, wameziba pua. Akanusa. Akauliza kwa upole harufu ilianza saa ngapi, maana mtu wa mabomba alishamwahidi kuja tangu juzi. Mwalimu Tena akamweleza. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, alikuwa mtu wa haki, kisha akauliza habari za pua ziko ukurasa wa ngapi katika kiongozi cha mwalimu. Hazikuwemo. Basi akamkumbusha kwamba wakaguzi wanakuja mwezi ujao kuwapima watoto kusoma na kuandika, na kwamba pua haitapimwa. Alisema afadhali arudi kitabuni.

Alasiri ile mwalimu hakusahihisha. Alikuwa amebeba madaftari yote ya Pengo, ya mwaka huu na yale ya mwaka jana yaliyobaki kabatini, akayafungua moja baada ya jingine. Paka aliandikwa baka. Mama aliandikwa baba. Pipa likawa biba. Panda ikawa bada. Na pembeni ya kila ukurasa kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe, mwekundu, mzuri, wenye herufi zilizonyooka: Sikiliza. Sikiliza. Nimesema sikiliza. Mwishoni alikuta nakala ya ripoti ya mwaka uliopita, ile iliyomfanya mtoto arudishwe darasa la kwanza. Alikuwa ameandika maneno mawili tu: Mzito. Hasikilizi.

Akachukua kioo tena. Akasema paka, baka, maka bila kutoa sauti. Kwenye kioo yalikuwa neno moja.

Alimweleza fundi. Fundi alisema hawezi kujua mambo ya watoto, ila redio ikiwa na waya mbili na hujui upi unafanya kazi, unatenganisha mmoja. Mwalimu alikaa na jambo hilo usiku kucha kichwani, na asubuhi akaenda shule mapema.

Wakati wa mapumziko wenzake walipotoka, alimwomba Pengo abaki kidogo. Kwanza akasimama nyuma yake akamwita kwa sauti ya kawaida. Mtoto aliendelea kupanga kalamu zake. Kisha akaja mbele, akaziba mdomo kwa daftari, akamwambia alete chaki. Pengo akainuka mara moja, kwa haraka ya mtu anayejua anachofanya, akaenda mezani, akatazama vilivyopo, akamletea kifutio. Akampa kwa mikono miwili, huku akiusoma uso wake kuona kama amepatia.

Mwalimu akashusha daftari. Kwa sauti ileile akasema, "Lete chaki."

Chaki ikaja.

Mwalimu aliipokea. Mtoto huyu alikuwa amekaa dawati la nyuma mwaka mzima na muhula mmoja, akifuata masomo kwa macho tu na kubahatisha yaliyobaki, na alikuwa amebahatisha vizuri mpaka mwalimu wake mwenyewe akamwita mzito, asishuku masikio yake. Alimshukuru kwa chaki, akamwambia aende akacheze. Kisha akaenda ofisini, akaomba jalada, akaitoa ile ripoti. Kati ya hasikilizi na hasikii tofauti ni silabi chache, naye ndiye aliyekuwa akilipwa kuwafundisha watu silabi. Akalikata neno kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja, akaandika jingine pembeni, akaweka saini na tarehe.

Pengo aliishi kwa shangazi yake, dada wa baba yake, kwa kuwa wazazi walifanya kazi mbali. Shangazi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani, katikati ya vitambaa vilivyokatwa na visivyokatwa. Mwalimu alimkuta anashona sare za watu, na shangazi hakusimamisha gurudumu kwa ajili ya mgeni. Alimwonyesha kigoda kwa kidevu. Mwalimu akaanza mbali, akauliza habari za afya, kisha akauliza kama mtoto husikia vizuri nyumbani.

Shangazi alisema mtoto ana mafua tangu utotoni, na kwao wote pua zao ndivyo zilivyo. Anakoroma kama mzee. Kama haitikii akiitwa, basi ni kiburi, si ndivyo shule ilivyosema? Hapo akasimamisha mashine.

"Mwaka jana mliniletea karatasi kwamba hasikilizi," alisema. "Nikamchapa kwa sababu ya karatasi ile, mwalimu. Mimi si mtu wa kuchapa watoto. Leo unaniambia hasikii?"

"Karatasi ile niliiandika mimi, dada," mwalimu akasema. "Nilikosea."

Mbele ya nyumba watu walipita na shughuli zao. Shangazi alikuwa ameshika mkasi, na alikaa akiufungua na kuufunga bila kukata kitu. Huenda alitarajia mwalimu aongeze maneno, ajitetee kidogo, kama watu wafanyavyo.

"Alhamisi," shangazi akasema mwishowe. "Alhamisi naweza kufunga kazi, tumpeleke hospitali."

Kliniki ya masikio na pua katika hospitali kuu ilikuwa siku hiyohiyo ya Alhamisi, na mwalimu alitaka kuwepo. Ilibidi aombe ruhusa, wiki mbili kabla ya wakaguzi. Mwalimu mkuu alikuna kichwa, akatazama kalenda, akatazama ile ripoti iliyosahihishwa ambayo ilikuwa bado mezani kwake, akasema darasa atalishika yeye.

Walikaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu mpaka saa tano. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye taa kwenye paji la uso. Alitazama puani, akatazama kooni, akatazama masikioni, akapiga chuma fulani kikalia, akakiweka nyuma ya sikio la mtoto. Kisha akachukua karatasi akawachorea kichwa kwa ubavu, na mwalimu akasogeza kiti mbele, kwa sababu hakuwahi kuona picha ya mahali ambapo n hupita. Daktari alionyesha nyama zilizovimba nyuma kabisa ya pua, zikaziba njia. Kwa kuwa njia ya sikio hufungukia hapohapo, nayo ilikuwa imezibwa, na maji mazito kama gundi yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio. Alisema mtoto anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo: anajua unaongea, hajui unasema nini. Angeanza na dawa ya puani kwa mwezi mmoja, na isiposaidia wangeziondoa zile nyama.

Shangazi aliuliza kama ingekuwa bora wangekuja mapema. Daktari alikuwa kijana, na hakujua kudanganya. Alisema ndiyo. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akamfunga mtoto kitambaa shingoni ingawa hakukuwa na baridi.

Mwalimu aliporudi shuleni mchana alimkuta mwalimu mkuu bado yuko darasani, koti limetundikwa kwenye kiti, chaki mpaka kwenye nywele. Mkuu alitoka naye nje, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini. Alikuwa na swali. Watoto walimfundisha habari za inzi, akaona si vibaya. Lakini alipobana pua na kusema nyanya, kilichotoka hakukitambua. Mwalimu alikuwa amekitambua? Wakasimama pale mlangoni watu wazima wawili, wamebana pua, wakisema nyanya, mpaka mpiga kengele alipotokea na wote wawili wakakumbuka kazi nyingine.

Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena ukurasa wa ngapi.

Wiki ya mwisho kabla ya ukaguzi mwalimu alirudia imla ileile ya maneno kumi. Walioandika goma walishuka kutoka thelathini na mmoja mpaka kumi na mmoja. Angeweza kufurahi akaishia hapo, lakini watoto saba walikuwa wameanza kuandika ndada na mbaba, na mmoja, aliyeonekana kuipenda sana n, aliandika ngari. Zamani angeona amepiga hatua moja mbele na mbili nyuma. Sasa alifungua ukurasa mpya kwenye daftari lake la makosa, akanakili ngari kwa uangalifu, na kesho yake akamwita mwandishi wake amweleze. Mtoto huyo alieleza kwamba gari likipita hulia ngrrr, na mwalimu akaliandika hilo pia, pembeni mwa neno lenyewe.

Wakaguzi walikuja wawili. Mmoja, mwanamke mwenye miwani mikubwa, alishangaa kuona katikati ya mtihani watoto wanagusa pua kabla ya kuandika, akaomba maelezo. Mwalimu akamweleza, na mkaguzi akaandika mistari kadhaa kwenye karatasi yake. Hakuna aliyejua aliandika nini. Barua ya sifa haikuja, wala ya lawama. Matokeo ya darasa yalikuwa mazuri kuliko mwaka uliopita, ingawa si kwa kiasi cha kupigiwa vigelegele.

Dawa ya puani ilimsaidia Pengo kidogo tu. Likizo ilipoanza akalazwa siku mbili, nyama zikaondolewa, maji yakatolewa masikioni. Aliporudi shule muhula wa pili alipewa dawati la mbele, na wiki ya kwanza karibu ilimshinda. Alikuja kwa mwalimu na malalamiko kila siku. Chaki ilikuwa inapiga kelele. Madawati yalikuwa yanalia. Mvua iliponyesha alisimama katikati ya somo akatazama juu, akauliza kama bati hufanya hivyo kila mara au limeharibika. Mwalimu akamwambia ndivyo lilivyo siku zote. Pengo alisikiliza mvua kwa muda, wenzake wakimsubiri, kisha akakaa.

Kusoma hakukuja kama muujiza. Kwa miezi aliendelea kuitazama midomo, maana tabia ya miaka haifutwi kwa siku mbili za kulazwa, na mwalimu alijizoeza kufundisha akitembea ili mtoto alazimike kutumia masikio. Siku nyingine alikata tamaa, akalala juu ya daftari. Aliandika baka mpaka karibu katikati ya muhula. Kisha siku moja, wakati wa kusoma kwa sauti, alifika kwenye neno mbuzi, akasita, akaweka kidole ubavuni mwa pua yake, akatamka. Akageuka kumtazama mwalimu.

"Yupo," alisema.

Mwalimu aliyekuwa na neno moja kwa kila jambo hakulisema. Alimwacha aendelee na sentensi inayofuata.

Mwisho wa mwaka Pengo alisoma ukurasa mzima mbele ya darasa. Hakuwa wa kwanza, wala wa kumi. Alisoma polepole, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mtu anayefurahia kelele yake mwenyewe, na alipanda darasa la pili pamoja na wengine. Mwalimu mkuu alimtaka Mwalimu Tena awaeleze walimu wote habari za pua kwenye kikao. Alieleza vibaya, kwa kuwa alizoea kusema na watu wenye umri wa miaka saba, lakini walimu wawili wakamwomba daftari lake la makosa, na lilichelewa sana kurudi.

Katika siku za kwanza za mwaka uliofuata shangazi alifika shuleni, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuja kushtaki. Mtoto anasoma kila kitu, alisema. Anasoma mifuko ya saruji, anasoma kuta za watu, anasoma barua za wapangaji kabla wenyewe hawajazifungua vizuri. Sasa amehamia kwenye karatasi ambazo shangazi mwenyewe hubandika kwenye vitambaa vya wateja. Juzi, mbele ya bibi harusi na mama yake, alichukua karatasi iliyosema guo ya harusi, akatangaza kwamba guo haipo, iko nguo, na akaanza kumwelekeza shangazi yake pa kuweka kidole.

"Nikafanya nini?" shangazi akasema. "Nikaweka kidole. Bibi harusi naye akaweka."

Mwalimu aliuliza, taratibu, kama ni kweli alikuwa akiandika guo siku zote. Shangazi alisema aliacha shule darasa la pili, walimwambia hana akili ya vitabu, na kwa vipimo vya kiuno na mabega hakuhitaji n. Lakini hakuja kwa ajili hiyo. Amekuja kuomba mwalimu aseme na mtoto, kwa kuwa maneno ya mwalimu ndiyo anayoyasikia, asimsahihishe mbele ya wateja. Wakiwa wawili tu, sawa. Kwa kweli wakiwa wawili tu haina ubaya. Wameshamaliza karatasi zote za mezani na sasa wako kwenye zile za kabatini.

Mwalimu alimwita Pengo kutoka darasa la pili, akamweleza kwamba mteja akiwepo, msomaji mzuri husoma kimya. Pengo akasema amesikia. Alitii siku mbili, labda tatu.